Aliyeitika

Hadithi za namna hii kwa kawaida humpata shemeji ya jirani ya mtu fulani ambaye msimuliaji mwenyewe hamkumbuki vizuri. Hii ilinipata mimi. Sina wa kumsingizia, na kusema kweli sina hata nguvu za kumtafuta.

Mimi ni muuguzi. Mwaka wa kumi na mbili huu niko wodi ya wazee, ile ambayo wenzangu wakipangiwa huanza kuumwa mgongo kabla hawajafika. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Kazi yenyewe si nzito kama watu wanavyodhani. Kinachomaliza mtu ni kuitwa. "Nesi!" "Binti!" "Mwanangu!" "We mtoto, njoo!" Wote unawaitikia. Ukizoea, mdomo unaitika wenyewe kabla akili haijaamka.

Jumamosi hiyo nilitoka zamu saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa tumepoteza wagonjwa wawili, na wa tatu alikuwa ameniita mama yake mpaka kunapambazuka. Miguu imevimba, viatu vinabana, macho yanawasha utadhani yametiwa mchanga. Nilichotaka duniani ni kitanda tu. Lakini nilikuwa nimeahidi kwenda kumtembelea Kicheko, na ahadi hiyo nilishaivunja mara nyingi hadi nikawa naona haya.

Kicheko tulianza naye chuo cha uuguzi, kitanda chake cha juu, changu cha chini. Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa akicheka hadi kitanda kinatikisika, na matroni anakuja na rungu la maneno, na yeye anacheka zaidi. Alipofikisha miaka kumi na tisa akapata mume, dereva wa magreda ya barabara, mtu mpole mwenye nyumba yake na geti lake. Mwaka wa kwanza ulipoisha akaaga. Sisi tukabaki tunakariri majina ya mifupa, yeye akaenda kuwa mama mwenye nyumba. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Mimi hadi leo napanga chumba kimoja.

Raha yake haikudumu. Mwaka wa pili wa ndoa mama mkwe alipooza upande mmoja, akalala asiamke. Nani wa kumuuguza? Mkwe, tena aliyesomea mwaka mzima! Miaka tisa alimgeuza yule mama. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mimi nilikuwa zamu, nikatuma pole kwa simu. Ndivyo urafiki wetu ulivyokuwa umebaki, wa kutumiana pole na hongera. Kwa hiyo aliponiandikia wiki ile, moyo uliniuma. Aliandika hivi: "Njoo mwenzangu, nimekukumbuka mno. Njoo moja kwa moja ukitoka zamu, usipitie kwako. Utalala hukuhuku."

Nikaenda.

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko nilivyoifikiria. Geti la kijani, uwanja umefagiwa, maua kwenye makopo ya rangi. Kitu cha kwanza kilichonivuta macho kilikuwa kamba ya nguo. Zilianikwa shuka saba nyeupe, na mpira wa kutandika kitandani, ule tunaowatandikia wasiojiweza. Sikutia maanani. Mtu wa hospitali akiona shuka anaona kazi, anageuza macho.

"Umekuja!" Kicheko alinikumbatia pale mlangoni akanishikilia muda mrefu. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa sabuni, nikavisikia vikikwaruza shingo yangu.

"Shemeji yuko wapi?"

"Barabarani. Wiki ya tano leo."

"Na watoto?"

"Bweni."

"Wote wawili? Huyo mdogo si ana miaka saba?"

"Kule wanalala vizuri," alisema, akaingia jikoni kabla sijauliza zaidi.

Tulikunywa chai kwa mkate na mayai. Tukawasema tuliosoma nao, nani kanenepa, nani kaachika, nani kawa bosi na haonekani tena. Nilimsimulia jinsi matroni wetu alivyostaafu akalia kwenye sherehe yake mpaka wanja ukamfika kidevuni. Zamani Kicheko angeanguka chini. Safari hii alitabasamu kwa mdomo tu, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani.

"Mbona hucheki siku hizi, wewe?"

"Nitacheka," alisema. "Ngoja kidogo."

Saa nne kamili akainuka. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, vilevile tulivyofundishwa, akachukua beseni la maji ya uvuguvugu na taulo, akafuata ukumbi mwembamba hadi mlango wa mwisho. Nilimsikia akisema, "Abee mama, nimekuja." Nikasikia kitanda kikilia. Baada ya dakika kumi akarudi na shuka mbichi aliyoikunjia ndani.

"Una mgonjwa?"

"Ninaye."

"Nani tena?"

"Wa siku nyingi. Maliza chai yako."

Ningeuliza zaidi, lakini niwe mkweli. Mtu aliyetoka zamu hataki habari za mgonjwa wa mtu. Ukiuliza tu, utaambiwa hebu njoo umwone, hebu tazama hiki kidonda, hebu tupe na ushauri. Nikajiambia atakuwa mama yake mzazi, kaletwa kuuguzwa. Nikanyamaza na chai yangu. Ukimya ule nimeujutia sana.

Akaniletea mto, akanitandikia kochi, akanivua viatu mwenyewe mithili ya mtoto. "Lala. Mimi namalizia kufua hapo nje." Nikamwambia dakika tano tu. Sikumbuki kuiweka miguu juu.

Sijui nililala muda gani. Jua lilikuwa limepanda, nililiona jekundu nyuma ya kope. Nje maji yalikuwa yakimwagika na shuka ikikamuliwa. Usingizi wangu ulikuwa ule wa wodini, sikio moja liko macho.

"Mwanangu."

Sauti ya bibi, dhaifu, yenye subira. Sauti ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwanangu, njoo."

"Abee," nikaitika.

Maji nje yakakatika. Ndoo ikaanguka. Hakuna aliyeiinua.

Nikafumbua macho. Kicheko alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika, kifua kinapanda na kushuka. Aliniangalia kwa namna ambayo ndugu wa mgonjwa hutuangalia tunapotoka chumba cha upasuaji.

"Umeitika?" alinong'ona.

"Kuna mtu anaita huko ndani."

"Umeitika wewe. Kwa mdomo wako."

"Ndiyo, sasa? Mgonjwa wako anaita, wewe uko nje, aitike nani?"

Akaketi chini, palepale kwenye maji. Akaanza kulia. Nimeona vilio vya kila aina katika kazi yangu. Kile hakikuwa cha huzuni.

Nilikasirika, maana nilikuwa nimekatizwa usingizi na sielewi. Nikafuata ukumbi pekupeku, nikasukuma ule mlango wa mwisho.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka imenyooshwa, kona zimekunjwa kihospitali. Chumba kinanuka poda na dawa ya kusafishia sakafu. Ukutani kulikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, chati ya kumgeuza mgonjwa: tarehe, saa, upande, sahihi. Kushoto, chali, kulia. Chini yake karatasi nyingine, na nyingine, zimerundikana nene. Mstari wa mwisho ulikuwa wa leo. Saa nne, kulia. Sahihi ya Kicheko.

Nikaitazama saa yangu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili.

"Nani analala hapa?"

Alikuwa nyuma yangu, hakuvuka kizingiti. "Mama mkwe."

"Mama mkwe wako alikufa."

"Najua. Nilimwosha mimi mwenyewe."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwambia umechoka, mwenzangu, unahitaji kuonana na daktari, na daktari ninamfahamu. Hapo nikaliona godoro. Katikati kulikuwa na bonde. Refu, jembamba, limejikunja magotini. Bonde la mtu aliyelalia ubavu wa kulia. Shuka ilikuwa ikipanda na kushuka. Kidogo tu. Kwa kipimo cha pumzi.

"Mwanangu," ilisema sauti kutoka kwenye mto. "Ubavu unaniuma."

Kitu kikanishika mkono juu ya kifundo. Vidole vinne na gumba. Baridi. Vikavu. Sikuona chochote.

Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Nitakimbiaje mkono umeshikwa? Na nikiri jambo la pili: mikono yangu ilifanya kazi kabla yangu. Mmoja ukaingia chini ya bega, mmoja chini ya nyonga. Nilisikia mfupa. Nilisikia ngozi laini ya uzee inavyoteleza juu ya mfupa. Kilo arobaini, pengine arobaini na mbili, nimebeba wengi sana siwezi kukosea. Nikamgeuza. Bonde la kulia likajaa polepole. Jingine likazama kushoto.

"Ahsante," ikasema sauti. "Una mikono mizuri."

Nikaachiwa.

Kumbe nyuma yangu Kicheko alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Nilipotoka ukumbini nilimkuta na sanduku mkononi. Halikuwa sanduku la kufungwa dakika ile. Lilikuwa limefungwa kwa kamba, mafundo mawili mawili.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Uliniita kwa ajili hii."

Hakukana. Alinieleza pale pale, tumesimama, ananong'ona utadhani tunachungulia mtihani. Siku ile ya kifo alikuwa getini, muuza mboga akamwambia neno la kuchekesha, akacheka. Akamsikia mama mkwe akiita. "Nikasema moyoni, leo angoje. Miaka tisa, mwenzangu! Mara moja tu nikasema angoje. Nilipokwenda alikuwa ameshakata roho, mdomo wazi, uso umeelekea mlangoni." Wiki moja baada ya mazishi, sauti ikaanza tena. Naye akaitika. Angeachaje kuitika, baada ya siku ile?

"Si uhame!"

"Nilihama. Nilikwenda kwa mama yangu, nikaenda kwa shangazi, nikalala hadi nyumba ya wageni. Hafuati nyumba, anamfuata aliyeitika. Popote utakapolala, yupo. Ukinyamaza anaita tu, kwa upole, hadi unatamani atukane. Halafu anakushika."

"Na mumeo?"

"Hasikii. Ananiambia nimechoka, nipumzike." Nusura acheke hapo. "Mwezi uliopita mama akaniambia, mikono yako imekuwa migumu, niletee mwingine. Nilikaa siku nyingi nikiwaza ni nani. Wanangu? Ndiyo maana nikawapeleka bweni. Mdogo wangu? Jirani? Halafu nikakukumbuka. Chuoni ulikuwa unamwitikia matroni usingizini. Na wewe angalau kazi unaijua."

Nikamtukana. Sitarudia hapa nilichosema, lakini sikuacha ndugu wala jamaa. Alisimama akanisikiliza hadi nikaishiwa. Akasema, "Unisamehe, dada." Hakuwa amewahi kuniita dada, tuko rika moja. Akafungua geti, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye kona ya ukuta nilipomsikia. Alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kutikisa kitanda, kikubwa, cha msichana wa miaka kumi na tisa. Alikwenda nacho mtaa mzima hadi sikukisikia tena. Namba yake ya simu haijapatikana tangu siku ile. Mumewe alinipigia mara mbili kuuliza kama mkewe yuko kwangu.

Kwangu ni chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wanne, bafu moja, uwanja mmoja. Nilirudi nikafunga mlango, nikajifunika gubigubi, nikajiambia nimeota. Jumapili ikapita kimya. Nikaanza kujicheka. Jumatatu nilitoka zamu, nikalala. Saa nne asubuhi ikaja.

"Mwanangu."

Nikajifanya sisikii. Aliita hadi saa saba, bila kupandisha sauti. Kila baada ya pumzi tatu. Nikatia pamba masikioni, ikawa sauti iko ndani ya pamba. Nikaketi kitini, nikaona godoro langu limezama upande wa ukutani. Halafu kiganja kikanishika.

"Abee," nikasema, nikamgeuza.

Usiku kazini hakunifuata, wodini nilikuwa salama na wagonjwa wangu wenye miili. Mchana nilikuwa wake. Kila saa mbili. Nilijaribu kila kitu. Niliombewa, nikasomewa, nikapewa maji ya kunyunyiza. Walioniombea walikuwa watu wema, na yeye aliwangoja kwa adabu hadi wamalize, waage, wavae viatu. Ndipo akaita. Nilianza kufua shuka tatu kwa siku. Mikono ikaanza kupasuka.

Siku ya kumi na nne nilivuta dawa kwenye sindano nikakuta nimevuta mara tatu ya kipimo. Mgonjwa alikwisha kukunja mkono wa nguo, ananitazama kwa imani yote. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenishika mkono. Mkuu wa wodi akaniita ofisini akafunga mlango. "Dada, unaumwa? Usiponiambia, nitalazimika kukutoa wodini. Ningependa usije kuua mtu mikononi mwangu." Ningemwambia nini? Kazi hiyo ndiyo kula yangu, ndiyo jina langu. Nikasema nalala vibaya, basi. Akanipa wiki moja nijirekebishe, la sivyo nikae nyumbani. Nyumbani! Nililia chooni.

Siku ya kumi na nane mgonjwa wangu wa mchana alisema maneno mapya.

"Wewe unanigeuza kwa hasira."

"Ndiyo," nikamjibu. "Kwa hasira."

Kisha nikasikia kitu kikigonga ukuta, taratibu. Ko. Ko. Ko. Ukuta ule unapakana na chumba cha bi harusi.

Bi harusi tulimwita hivyo nyumba nzima, maana alikuwa ameolewa miezi miwili tu. Kama alikuwa amefika miaka ishirini, basi ni juzi. Mumewe fundi umeme, anatoka alfajiri. Binti mwenyewe hajui kukaa bila kazi. Anafagia uwanja ambao si zamu yake, anawasalimia wapangaji wote kwa kuinama, akipika anachungulia mlangoni kwangu, "Dada, umekula?" Mimi niliyekuwa nimewachukia watu wote mwezi ule, yeye nilishindwa kumchukia.

Siku ya kumi na tisa nilimkuta kambani nikianika shuka. Akashika ncha ya pili bila kuombwa, tukaikamua pamoja.

"Dada, sikujua kama mama yako amekuja."

Nikaacha kukamua. "Mama yangu?"

"Bibi yule anayelala kwako. Ukiwa kazini anaita sana. Jana akaanza kunigongea ukuta." Alikuwa ananong'ona, kwa haya ya mtu anayehofia kuonekana mdaku. "Namwonea huruma. Nikaogopa kumwitikia bila ruhusa yako. Nimwitikie?"

Hapa ndipo pa kunihukumu, kwa hiyo nitasema polepole. Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno nilikuwa nayo yote: usiitike, ziba masikio, mwambie mumeo mhame leo hii. Nilimtazama uso wake, laini, usio na mstari hata mmoja. Nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilifikiria sindano. Nilifikiria saa nne itakayokuja, na saa sita baada yake, na nane, hadi nizeeke nami nianze kuita.

"Fanya utakavyoona vyema, mdogo wangu," nikamwambia.

Akatabasamu. Nikaingia ndani, nikalala na viatu.

Saa nne, ukuta ukagongwa. Ko. Ko. Ko.

"Mwanangu."

Sikutikisika. Nilibana meno. Nilisikia upande wa pili sufuria ikiwekwa chini. Nyayo. Kimya.

"Abee, mama!" akaitika bi harusi, kwa furaha, kwa adabu zote alizofunzwa kwao. "Nakuja!"

Godoro langu likainuka. Nililisikia likijaa chini ya mgongo wangu, polepole, hadi likawa bapa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi hadi machozi yakatoka. Nikavuta shuka, nikalala hadi magharibi, na sikuota kitu.

Nilipoamka nilimsikia akilia upande wa pili, na mumewe akimbembeleza, "Umechoka tu, mke wangu. Pumzika." Sikwenda kubisha hodi. Kesho yake sikwenda. Keshokutwa yake tulikutana bafuni, amebeba shuka mbichi aliyoikunjia ndani. Aliniangalia tu, wala hakunitukana. Laiti angenitukana.

Wiki iliyofuata nikahama. Nikaita mbeba mizigo mwenye mkokoteni, mzee mcheshi, akaanza na kitanda. Tulipokivuta, akasimama akapiga mluzi.

"Wapangaji nyie mnaharibu nyumba za watu. Tazama hapa."

Ukutani, usawa wa mtu aliyelala, rangi ilikuwa imelika, na plasta nayo, hadi tofali linaonekana. Kishimo laini, cha ukubwa wa kifundo cha kidole, pembezoni pameng'aa kwa mafuta ya ngozi. Mwenye nyumba alikuwa amepaka chumba kile upya mwezi uliotangulia. Mimi nilikaa naye siku kumi na tisa.

"Hii ni kazi ya miaka ishirini, thelathini," mzee alisema. "Nani alikuwa anagonga hapa?"

Nikainama kukusanya shuka. Naye, kwa utani tu, akakunja kidole akakiweka kwenye kile kishimo. Kikaenea sawasawa. Akagonga mara tatu.

"Abee, mama," ikajibu sauti ya binti upande wa pili. Ilikuwa imechoka sana. "Nakuja."